Aliposema Nenda

Mwalimu aliandika neno KINAYA ubaoni na kulipigia mstari. Kabla hajageuka alisikia mlango ukifunguliwa taratibu. Mwanafunzi mmoja alikuwa anaingia kwa kunyata, daftari kalibana kwapani, kipindi kimeshaanza zamani.

"Asante sana kwa kuwahi," Mwalimu alimwambia.

Darasa zima la kidato cha tatu likacheka. Aliyechelewa akajikunyata kwenye kiti chake, na Mwalimu akawaambia wengine kwamba mwenzao amewasaidia, wameshaelewa aina ya kwanza bila kufungua kitabu. Hicho ndicho kinaya cha maneno. Mtu anasema jambo, anakusudia kinyume chake, na anayeambiwa anajua. Kikiwa na sumu ndani yake, kinakuwa kejeli. Kisipokuwa nayo, kinaweza kuwa mzaha, na wakati mwingine kinaweza kuwa mapenzi.

Wanafunzi walikuwa wamempa jina la Sindano, naye alilijua na hakulichukia. Ulimi wake ulikuwa mwepesi na mkali, lakini hakuna aliyetoka darasani kwake na jeraha.

Aliendelea na aina ya pili, kinaya cha hali. Aliwapa mfano wa mtu aliyehama nyumba kukimbia kelele za jirani. Alipofika kwenye jengo jipya, akifungua tu dirisha, akamwona jirani yule yule anashusha magodoro, naye amehama kumkimbia yeye. Walicheka tena. Kisha akafika kwenye kinaya cha kidrama, ambacho yeye binafsi alikipenda kuliko vyote. Hapo hadhira inajua jambo ambalo mhusika halijui. Mwanamke jukwaani anamshukuru mgeni kwa uungwana wake, na ukumbi mzima umeshamwona mgeni huyo akiitia mfukoni pete ya mwenyeji.

Msichana mmoja wa safu ya mbele aliinua mkono. Alikuwa mtoto wa maswali, asiyeridhika na mfano mmoja.

"Mwalimu, kile cha maneno. Kama anayeambiwa hakujua kwamba ni kinaya, akayachukua maneno kama yalivyo, inakuwaje?"

Mwalimu alifungua mdomo atoe jibu la haraka, kama kawaida yake. Akaufunga, akaiweka chaki mezani. Hatimaye akasema, polepole, kwamba hapo kinaya kimeshindwa kazi yake, na aliyesema atabeba mwenyewe kilichotokea. Akawapa zoezi la kuandika, akaenda kusimama dirishani akiwapa mgongo.

Wiki ile ile alikuwa amemwambia mwanamume anayempenda, "Nenda." Na mwanamume yule akakubali kwenda.

Walikuwa wamefahamiana hospitalini. Mwalimu aliishi na baba yake, wawili tu, tangu mama yake afariki. Kaka yake alikuwa mbali na familia yake, na Shangazi, dada mdogo wa Mzee, alikuja na kuondoka. Mzee alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kiwandani, kando ya mtambo wa kuchapa magazeti, na mtambo ule ulikuwa umemla masikio kidogo kidogo, mpaka nyumbani kwao kila neno likawa la kupaza sauti. Mwalimu alimbembeleza mwaka mzima akubali kwenda kupimwa.

Aliyewapokea alikuwa mtaalamu wa masikio, kijana mrefu mwenye mikono mitulivu, ambaye kila mtu alimwita daktari naye kila mara akamsahihisha. Alimwingiza Mzee kwenye kijichumba chenye kuta za sponji, akamvisha hedifoni, akampa kitufe cha kubonyeza kila atakaposikia mlio. Mzee, ambaye hakutaka kuonekana kiziwi, alibonyeza kwa kubahatisha. Alibonyeza kwa bidii sana. Alipotoka, Mtaalamu alimtazama usoni na kumwambia kwa adabu kwamba amebonyeza mara nyingi wakati hakuna mlio wowote uliopigwa.

"Baba yangu anasikia hata yasiyokuwepo," Mwalimu akasema.

Mtaalamu akamjibu, bila hata kutabasamu, kwamba hilo haliwezekani. Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa amekutana na mtu asiyejua kudanganya hata kwa heshima.

Mzee hakucheka. Alikataa vifaa vya kusikia alivyoshauriwa, na alipoona yule kijana ameanza kumsindikiza binti yake nyumbani, akasema wazi kwamba hamtaki. Alisema hana heshima kwa wazee. Shangazi naye alimuunga mkono, kwa sababu zake mwenyewe. Kwa hiyo mapenzi yao yalikulia kwenye kantini ya hospitali, saa za mchana, Mwalimu akiongea kwa mafumbo na mizaha, Mtaalamu akiyapokea maneno yake kama mtu anayepokea risiti, anasoma kilichoandikwa na kukiamini.

Jumanne ya wiki ile, kwenye meza yao ya pembeni, Mtaalamu alimweleza kwamba ametakiwa akafungue kitengo cha masikio katika hospitali ya mji mwingine, safari ya nusu siku. Alitaka kwenda. Alitaka waende pamoja, wakiwa mume na mke. Akasema kama Mwalimu hataki aende, aseme, naye hataenda.

Mwalimu alimwona baba yake akikaa peke yake kwenye ile nyumba, mlango unagongwa na yeye hasikii. Na kila akibanwa, ulimi wake ulikuwa na njia moja tu ya kutokea.

"Nenda tu," alisema, akitabasamu. "Mimi nitafurahi sana. Nitapata hata nafasi ya kupanga vitabu vyangu."

Mtaalamu alimtazama. "Unasema kweli?"

"Kwani nimewahi kukudanganya?"

Akaitikia kwa kichwa. Kesho yake akaukubali uhamisho, na keshokutwa akasafiri kwenda kuuona mji huo mpya kabla ya kuhamia moja kwa moja.

Sasa Mwalimu, akiwa dirishani mwa darasa, alijiambia kwamba kama angetaka mfano bora wa kinaya cha hali, alikuwa nao. Angewasimulia habari ya mtu ambaye kazi yake ni kupima masikio ya watu, na ambaye hakusikia alichoambiwa. Mfano huo ulimpa faraja kidogo, kwa sababu uliweka kosa lote upande wa pili.

Asichokijua ni kwamba mchana ule ule, yeye akifundisha, baba yake alikuwa hospitalini.

Shangazi ndiye aliyempeleka. Jioni iliyotangulia alikuwa amewatembelea, akakaa kwenye kiti cha jikoni na kuona jambo lililomnyima usingizi. Mzee alikuwa mezani anakula. Mwalimu alikuwa kwenye karai la vyombo, amempa mgongo, analia, mabega yanamtikisika. Na Mzee akawa anaomba chumvi. Akaomba tena, akalalamika kwamba siku hizi mtu akiomba kitu hapewi. Mwalimu akajipangusa uso, akageuka na chumvi mkononi na tabasamu mdomoni.

"Mwanao alikuwa analia nyuma yako," Shangazi alimwambia asubuhi, akimpigia kelele sikioni, "na wewe unadai chumvi."

Mzee aliinuka. Alikwenda kuvaa viatu.

Mtaalamu alikuwa bado safarini, kwa hiyo msaidizi wake, binti mwenye mikono myepesi, ndiye aliyempima na kumfunga vifaa viwili vidogo vya rangi ya ngozi nyuma ya masikio. Safari hii Mzee hakubonyeza pasipo na mlio. Akavuta kofia yake ya sufu ikafunika vyote viwili, na njiani akamwomba Shangazi asiseme kitu kwa siku chache, mpaka azoee.

Kwa hiyo, msomaji, kuanzia Alhamisi ile, wewe na Shangazi mlijua jambo ambalo Mwalimu hakulijua.

Dunia ilimrudia Mzee kwa fujo. Bomba la maji lilimshtua. Kandambili za binti yake sakafuni zilimkera, kisha zikamfurahisha. Ijumaa asubuhi alisimama kwenye ujia nje ya chumba chake akiwa amejiandaa kumwambia, na akamsikia Mwalimu akiongea na simu sebuleni, kwa sauti ya chini, na mwalimu mwenzake. Mzee akatega sikio. Ilikuwa sauti ya marehemu mkewe. Kwa miaka yote ile alikuwa amesikia kelele tu za mwanawe, na kumbe chini ya kelele zile sauti ilikuwa imekua, imetulia, imekuwa ya mama yake, na hakuna aliyemwambia. Alirudi chumbani. Alisema moyoni kwamba atasikiliza kidogo tu.

Jumamosi alasiri Mtaalamu alikuja kuaga. Alikuwa anaondoka Jumatatu, na hakuona adabu kuondoka bila kumpa mkono Mzee, hata kama Mzee hampendi. Alivaa shati lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama. Mwalimu alimfungulia mlango, wakatazamana pale kizingitini kwa muda ambao ungetosha kusalimiana mara tatu, lakini hakuna aliyesalimia.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, gazeti mikononi, kofia kichwani. Mtaalamu alisimama mbele yake ili midomo yake ionekane, akamwamkia kwa sauti kubwa ya kazini. Gazeti likaruka mikononi mwa Mzee. Mwalimu na Mtaalamu hawakulitilia maanani. Mzee akamkaribisha, akarudi kwenye habari zake, na pengine kweli alikuwa anatafuta maneno ya kuwaambia, ila Mwalimu alimtangulia.

"Kaa pale," alimwambia Mtaalamu kwa sauti ya chini, akimmiminia chai. "Na utabasamu. Akituona na nyuso za huzuni atauliza."

Basi wakakaa upande mmoja wa meza, wakiwa wamemkabili Mzee kama watu wanaopigwa picha, nyuso zikicheka na midomo ikisema mambo mengine kabisa.

"Kwa nini ulikubali kwenda?" Mwalimu aliuliza, akimsogezea sukari.

"Uliniambia niende."

"Nilikuambia ili unikatalie."

Mtaalamu alikikoroga kikombe ambacho hakikuwa bado na sukari. Alikuwa na shida ya kutabasamu. "Nilikuuliza kama unasema kweli."

"Na mimi nikakujibu kwa mzaha tena. Najua."

"Mimi nikimwuliza mtu amesikia, akasema amesikia, naandika amesikia. Siwezi kuandika kwamba labda anatania."

"Mbona Baba ulimkamata?"

"Baba yako alibonyeza pasipo na mlio. Wewe mlio ulikuwepo, ukaacha kubonyeza. Hiyo ni ngumu zaidi kuikamata." Akanywa chai yake chungu. "Halafu wewe ni mwalimu wa lugha. Nilijiambia, huyu kama angekuwa na neno, angelisema. Maneno ndiyo kazi yake."

Mwalimu alihisi uso wake ukiwaka, na bado ulipaswa kucheka. Siku mbili alikuwa amembeba mtu huyu kichwani kama mfano wa darasani, mpima masikio asiyesikia. Hakuwa amewaza kwamba mfano huo ulikuwa na upande wa pili, na kwamba upande huo alikaa yeye, mwalimu wa lugha asiyeweza kusema jambo moja wazi.

"Basi liseme sasa," Mtaalamu akasema.

Mwalimu alimtazama baba yake. Mzee alikuwa ameinamia gazeti. Na kwa sababu aliamini kwamba hakuna anayesikia ila yule mmoja aliyekaa kando yake, Mwalimu alisema maneno ambayo hakuwahi kuyasema mahali popote.

Alisema alitaka kusema ndiyo. Alisema ndiyo ilikuwa imefika mdomoni, ila akamwona baba yake. Kisha akasema kwamba amechoka, na aliposema hivyo sauti ikamtetemeka ingawa mdomo bado ulitabasamu.

"Nampenda mno, lakini nimechoka. Kutwa nzima napiga kelele. Nikimwambia chakula tayari, kelele. Nikimuuliza amelalaje, kelele. Jirani anadhani tunagombana. Hata yeye mwenyewe wakati mwingine ananitazama kama nimemkasirikia." Alivuta pumzi. "Kuna mambo hayasemeki kwa kelele. Jambo la upole ukilipigia kelele linakufa. Tangu masikio yake yaharibike, sijamwambia Baba neno moja la upole."

Mtaalamu aliacha kabisa kutabasamu. Alitaka kumshika mkono na akakumbuka gazeti.

"Na Jumatano aliniuliza habari zako," Mwalimu aliendelea. "Nikamwambia wewe ni mtaalamu wake tu, hakuna zaidi. Akafurahi. Nilimwona jinsi alivyofurahi. Nikaenda kulia kwenye vyombo, yeye yupo pale pale mezani."

"Mimi nataka kwenda kule," Mtaalamu alisema. "Sitakuficha. Wapo watoto wanaingia darasa la kwanza, wanachapwa kwa ukaidi, kumbe hawasikii. Nataka kwenda, na nataka kwenda na wewe. Uliposema utafurahi, nikaona bora nipate moja kuliko kukosa yote."

Gazeti likashuka.

"Mgeni anasemaje?" Mzee aliuliza, kwa ile sauti yake kubwa ya siku zote.

Mwalimu alimgeukia. Alijaza kifua pumzi, akavaa ile sauti ya kelele aliyoizoea kama koti, akasema kwamba mgeni anaaga, kwamba anamtakia afya njema.

"Usinipigie kelele, mama," Mzee akasema polepole. "Nasikia."

Alivua kofia, akaiweka gotini.

Mtaalamu ndiye aliyeviona kwanza. Jicho lake la kazi lilikwenda moja kwa moja nyuma ya masikio, likaona pia kwamba kifaa cha kushoto hakijakaa sawasawa. Kwa mara ya kwanza tangu Mwalimu amjue, aliona jambo la kweli na hakulisema.

"Tangu lini?" Mwalimu aliuliza.

"Alhamisi."

Alihesabu kimya kimya aliyoyasema ndani ya nyumba ile tangu Alhamisi. Simu za asubuhi. Maneno aliyojisemea mbele ya kioo. Na sasa haya. Akasimama, akakusanya vikombe vilivyokuwa bado na chai, akatoka navyo mlango wa nyuma.

Uani kulikuwa na kamba ya nguo na shuka za jana. Alikaa kwenye ngazi, sinia mapajani. Kwa miaka mingi alikuwa amewafundisha watoto wa watu jinsi hadhira inavyofurahi kujua asichokijua mhusika. Hakuwahi kuwauliza hata siku moja huyo mhusika anajisikiaje akigundua kwamba ukumbi mzima ulikuwa unamtazama. Sasa alijua. Anajisikia amevuliwa nguo na mtu anayempenda.

Mlango ukalia nyuma yake. Mzee alishuka ngazi kwa kushika ukuta, akakaa ngazi moja chini yake. Hawakutazamana.

"Ulifanya vibaya, Baba," alisema. Alisema kwa sauti ya chini kwa makusudi, kidogo kama adhabu.

"Nilifanya vibaya."

"Ungeniambia Alhamisi ile ile."

"Ningekuambia, ungenichekesha. Wewe ukijua mtu anasikia, humwambii kitu. Unamfanyia utani mpaka anasahau alichotaka kuuliza." Mzee alikuwa anaikunja na kuikunjua kofia yake. "Ijumaa nilikuja kukuambia. Nikakusikia kwenye simu. Una sauti ya mama yako. Nikarudi chumbani."

Mwalimu aliweka sinia chini. Hasira haikwisha, ila ilikosa pa kukaa. Walisikiliza shuka zikipigwa na upepo, wote wawili, na akamwona baba yake akigeuza kichwa kuifuata sauti ile kama mtu anayemfuata ndege kwa macho.

"Kijana yule sikumkataa kwa sababu ya kile kitufe," Mzee akasema. "Siku ile nilipotoka kwenye kijichumba, ulicheka. Sikukusikia, nilikuona. Ulikuwa hujacheka hivyo tangu mama yako atutoke. Nikajua huyu ndiye atakayekuchukua. Basi nikatafuta kosa lake, na bahati mbaya alikuwa nalo moja tu, la kusema kweli."

"Angenichukua aniweke wapi? Mimi niko hapa."

"Ndiyo hilo. Uko hapa, unalia kwenye vyombo." Akamgeukia. "Nenda, mama. Mimi nitafurahi sana."

Yalikuwa maneno ya Mwalimu mwenyewe ya Jumanne, yale Mtaalamu aliyoyataja ndani muda mfupi uliopita. Mwalimu alimtazama baba yake usoni kwa makini, kila mstari wa uso ule.

"Unasema kweli, au unasema kama nilivyosema mimi?"

Mzee aliikunja tena kofia yake. "Sehemu kweli, sehemu kama wewe," alisema. "Hiyo sehemu ya pili niachie mwenyewe. Nitahangaika nayo, usiisubiri iishe ndipo uolewe. Shangazi yako anataka kuhamia hapa tangu zamani, mimi ndiye nimekuwa nikijifanya sisikii."

Mwalimu alicheka na machozi yakatoka. Kisha akainama mpaka mdomo wake ukakaribia kile kifaa kidogo. Aliogopa asije akakipigia kelele kwa mazoea, kwa hiyo alinong'ona, karibu bila sauti, maneno mawili ambayo mtoto humwambia baba yake. Mzee akafumba macho, akaitikia kwa kichwa kwamba yamefika.

Waliporudi ndani, Mtaalamu alikuwa amekaa pale pale, mikono magotini, kama mgonjwa anayesubiri majibu. Mzee alikaa kwenye kiti chake. Alimwambia, bila kuzunguka, kwamba binti yake hatoki nyumbani kwake kwa kuchukuliwa kantini. Anataka kuwaona wazee wa kijana huyo kabla shule hazijafungwa, waje mchana, wakae, waseme kilichowaleta. Kaka mtu ataitwa na yeye, na huenda akatia ugumu. Shangazi hakika atatia, alikuwa na mwanamume wa benki aliyemchagulia Mwalimu tangu mwaka juzi.

"Huyo shangazi utapambana naye mwenyewe," Mzee alisema. "Mimi simuwezi. Na sasa kwa bahati mbaya namsikia."

Mtaalamu aliahidi kila alichotakiwa. Alipokuwa anatafuta namna ya kushukuru, Mzee alipeleka mikono nyuma ya masikio, akavitoa vifaa vyote viwili, kimoja baada ya kingine, akaviweka kwenye kisahani juu ya meza. Akakisukuma kisahani katikati ili wote wakione.

"Haya," alisema, kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Ongeeni."

Akafungua gazeti, akajifunika nalo uso mzima.

Mtaalamu aliinuka nusu. Kisahani kilikuwa na tone la chai, na vifaa vile havitakiwi kuloa. Alikitazama, akamtazama Mwalimu, akaamua kukaa.

Mwalimu alihama upande wake wa meza, akakaa pale ambapo angeweza kumwona macho. Hakutabasamu. Ulimi ulimletea mzaha mzuri kabisa, ukawa tayari, na akauacha upite.

"Nakupenda," alisema. "Jumatatu utakwenda, na mimi sitafurahi hata kidogo. Shule zikifungwa, wazee wakiwa wamekubaliana, nitakuja tuishi. Nitaomba uhamisho. Sina maana nyingine nyuma ya maneno haya, ni hayo hayo kama yalivyo."

Mtaalamu alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa mkavu, mtulivu, ule wa kazini. Alisogeza sikio lake karibu kidogo.

"Samahani," alisema. "Sikusikia vizuri. Ungerudia."

Mwalimu alivuta pumzi aanze upya kwa sauti zaidi, mkono umeshainuka wa kueleza. Ndipo alipoiona pembe ya mdomo wake, jinsi ilivyokuwa inahangaika isipande juu na inashindwa. Alikaa akimtazama, mkono ukiwa bado hewani, mpaka akahakikisha ni kweli ameona alichokiona.

Kisha akaurudisha mkono chini, akauweka juu ya wake, na akarudia yote tangu mwanzo, kwa sauti ile ile ya chini. Nyuma ya gazeti, Mzee akafunua ukurasa mwingine.